Minyoo wa Jirani

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeona mnyoo. Naandika hapa kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu.

Saa moja asubuhi nafagia banda la kuku, kichwani sina wazo lolote baya. Mara kwenye kinyesi naona kitu cheupe, chembamba, kirefu kama uzi wa kushonea. Nikasema ni uzi. Uzi ukajikunja.

Kuku wangu! Mitetea kumi na minne na jogoo mmoja, waliolelewa na karani aliyekaa masjala miaka thelathini na mmoja bila kupoteza faili hata moja! (Moja lilipotea. Lakini lilipatikana.)

Nikawakagua kama wafanyakazi waliochelewa kazini. Mhasibu: kile kilemba chekundu kichwani kimepauka kama tambara. Katibu: mfupa wa kifua umetoka kama kisu. Meneja, mtetea wangu mkubwa, anayetaga bila kukumbushwa, alikuwa pembeni amejikunyata kama mtu aliyenyeshewa. Na mimi wiki mbili hizi naona mayai yanapungua, nikajiambia wamechoka tu.

Chanzo nakijua. Nyuma ya uzio wa mabati anakaa Fundi, mshona nguo, naye ana kuku. Hatuko sawa tangu mwaka juzi. Alinishonea gauni la mahafali ya binti yangu, likanibana nikahudhuria sherehe nzima nimesimama, naye akatangaza mbele za watu kwamba vipimo vilikuwa sahihi siku niliyopimwa. Chini ya uzio kuna tundu. Yeye husema kuku wangu ndio wanaopita kwenda kwake. Mimi husema wake ndio wanaokuja kwangu. Sasa ushahidi umepatikana. Minyoo hawa ni wa kwake.

Hatari iko hapa: wiki iliyopita nilimpokonya Fundi mteja. Mama Keki, mwokaji wa barabara ya pili, alikuwa akichukua mayai kwake. Nikamwambia, kwa sauti ya huruma, kwamba usafi wa banda ni kipaji, wengine hawakujaliwa. Akaniagiza mayai thelathini ya kienyeji kwa ajili ya keki ya harusi. Nimpelekee Jumamosi tarehe 15, saa nne asubuhi. Habari ya minyoo ikimfikia, nimekwisha.

Baba Watoto akasema tumwite daktari wa mifugo. Nikamwambia pikipiki ya daktari ikisimama mlangoni petu mtaa mzima utajua, na Fundi atakuwa wa kwanza. Akajibu: lakini kuku watapona. Mume wangu ni mtu mwema, ila mkakati hauelewi.

Nimefukia kinyesi nyuma ya choo. Wifi akauliza nachimba nini. Wifi ni dada yake Baba Watoto, alikuja kututembelea kwa siku mbili, huu ni mwezi wa tatu. Nikamwambia napanda kitu. Akauliza kitaiva lini.


Jumanne, tarehe 4 Machi

Mkakati: kununua dawa mwenyewe, kimyakimya. Nikavaa miwani ya jua ya Baba Watoto na mtandio wa wifi, nikaenda duka la wakulima, lile la mbali, wanakouza mbegu, nyavu, misumari na dawa za mifugo.

Naingia, nani yuko kaunta? Fundi!

Akashtuka. Nami nikashtuka, lakini kwa heshima. Akasema amefuata mbegu za mchicha. Nikasema mimi nimefuata mbegu za karoti. Muuzaji akatupa mbegu, akauliza kama kuna kingine. Hakuna aliyejibu. Hakuna aliyetoka.

Nikaanza kusoma maandishi ya kwenye mfuko wa saruji. Fundi akasifu majembe, moja baada ya jingine. Nikaulizia bamia. Naye akaulizia biringanya. Muuzaji akafurahi sana, akatuita mama zake. Baada ya nusu saa hivi akasema anafunga aende kula, na sisi tukalazimika kutoka pamoja na kutembea pamoja mpaka nyumbani tukizungumzia kilimo.

Nimerudi na karoti, bamia, nyanya na nusu kilo ya misumari. Dawa sina. Shamba pia sina.

Ni dhahiri alikuwa ananifuatilia. Mwanamke ana kazi zake, cherehani inamsubiri, anapoteza asubuhi nzima kunichunguza mimi! Namwonea huruma.


Jumatano, tarehe 5 Machi

Tiba ya asili! Nashangaa sikuanza nayo. Nimetwanga vitunguu saumu, mbegu za papai na pilipili, nikachanganya na pumba. Machozi yakanitoka, pua ikazibuka, nikasema mnyoo gani atavumilia hili?

Nikawawekea. Mkurugenzi, ndiye jogoo, akaja mbele kama kawaida yake. Akadonoa mara moja. Akainua kichwa akaniangalia kama watu wanavyomwangalia kiongozi aliyewaahidi bomba la maji. Akaondoka, na wote nyuma yake. Hadi adhuhuri hakuna aliyegusa. Wifi akapita, akanusa, akauliza kama hicho ni cha mchana.

Mchana nikaona Meneja hajasogea tangu asubuhi. Nikamsogezea maji. Akajaribu kusimama, miguu ikamkataa, akaanguka kifudifudi kwenye maranda ya mbao. Nikamwinua. Mwepesi! Kuku niliyekuwa nikimbeba kwa mikono miwili, leo ni kama nimebeba kapu tupu. Akanilalia mkononi akafumba macho.

Nikakaa naye juu ya ndoo muda mrefu. Sikumfikiria Fundi hata kidogo, wala Mama Keki. Nilifikiria kwamba huyu kuku kila siku alikuwa ananifuata mpaka mlango wa jikoni, na wiki hii hakunifuata, na mimi sikuuliza kwa nini.

Nikamwendea Baba Watoto, nikamwambia mwite daktari. Akasema ameshamwita tangu asubuhi.


Alhamisi, tarehe 6 Machi

Daktari amekuja. Msichana mdogo, mwenye adabu, mabuti yanampwaya. Nilimpigia simu kabla, nikamwomba aache pikipiki kwenye kona, aje kwa miguu bila koti jeupe, na akiulizwa aseme ni mpwa wangu. Akakubali bila kushangaa. Akasema wiki hii wateja wengi mtaani wanataka hivyohivyo. Watu bwana, kwa kujificha!

Tukiwa bandani kichwa cha Fundi kikachomoza juu ya mabati. Akamtazama Daktari. Daktari akamwamkia. Fundi akaitikia, akaulizia hali ya hewa, akazama. Walisalimiana kama watu ambao hawajawahi kuonana kabisa. Kilichonishangaza ni kwamba Fundi hakuuliza huyu ni nani. Si kawaida yake.

Daktari akafunua macho ya kuku, akapapasa vifua, akatazama kinyesi. Akasema minyoo, tena wengi, ila tumewahi. Hata Meneja? Akasema Meneja ana nafasi. Neno hilo, nafasi, nimelibeba siku nzima.

Kipimo cha dawa kinafuata uzito, kwa hiyo lazima kuwapima. Mizani tuliyonayo ni ile ya kusimama. Daktari akasema njia rahisi: nisimame peke yangu, kisha nisimame nimembeba kuku, tutoe. Nikasema Baba Watoto asimame. Baba Watoto ghafla akaumwa goti. Nikasimama. Daktari akasoma namba kwa sauti. Kwa sauti! Upande wa pili wa mabati nikasikia mtu anakohoa. Nikamwambia Daktari aandike uzito wa kuku tu, huo mwingine ni siri ya mgonjwa.

Masharti yake nimeyanakili kama waraka wa ofisi. Wapewe dawa wote siku moja, mzima na mgonjwa. Asubuhi waondolewe maji kwanza wapate kiu, kisha wapewe maji yenye dawa, na pasiwe na maji mengine popote. Maranda ya zamani yatolewe yote, yafukiwe mbali. Baada ya wiki mbili turudie, maana dawa inaua minyoo lakini mayai ya minyoo hubaki ardhini. Na mayai ya kuku kwa siku kumi tusile, tusiuze, tusimpe mtu.

Siku kumi! Nikahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Tarehe 17. Mama Keki anataka mayai tarehe 15.

Akamalizia kwamba ingefaa na majirani wenye kuku watibu siku hiyohiyo, vinginevyo minyoo watarudi. Nikasema majirani wangu ni watu wasioshaurika.


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Ushindi!

Alfajiri tumeondoa vyombo vyote vya maji. Nikakumbuka tundu la uzio. Kuku mwenye kiu atapita akanywe beseni la Fundi, na kazi yote itakuwa bure. Nikapiga magoti, nikaziba kwa gunia na tofali. Kichwa cha Fundi kikachomoza. Akauliza naziba nini, maana miaka miwili nasema kuku wangu hawapiti. Nikasema nazuia upepo.

Saa tatu tukaweka maji ya dawa. Wakayavamia kama wafanyakazi kwenye dirisha la mshahara! Mkurugenzi alikunywa mpaka kilemba kikalowa. Meneja hakuweza kusimama, tukamnywesha ya kwake kidogokidogo kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Baba Watoto alishika kichwa, mimi nikasukuma. Tone la mwisho akalimeza, akatoa ulimi, akaniangalia vibaya. Nikafurahi. Jana hakuwa na nguvu ya kuniangalia vibaya.

Jioni minyoo kwenye maranda. Nilihesabu mpaka kumi na saba nikaacha. Tumetoa maranda yote, tumefukia, tumeweka mapya. Banda linanukia mbao. Mgongo haunyooki. Roho kwatu!


Alhamisi, tarehe 13 Machi

Sikuandika siku kadhaa. Nilikuwa nauguza.

Meneja amesimama! Juzi kwa mguu mmoja na nusu, jana kwa miwili, leo ametembea mpaka mlangoni na kumdonoa wifi kwenye kifundo cha mguu. Vilemba vinaanza kuwa vyekundu. Mayai nayo yanaongezeka, na hapo ndipo penye shida. Leo nimetimiza trei. Mayai thelathini, makubwa, ya rangi ya udongo, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuyala.

Nimekaa nayo kitandani nikiyatazama. Nani atajua? Yai halina ulimi. Siku mbili tu zimepungua. Lakini nikamwona bibi harusi, na wageni, na watoto wanaolamba sahani. Nikachukua penseli, nikaandika H juu ya kila yai. H, yaani Hapana. Kazi ya masjala: kitu kisichotoka ofisini kinapigwa alama.

Naandika hili ili ijulikane kwamba mimi ni mtu mwaminifu. Sasa natafuta mayai mengine thelathini.


Ijumaa, tarehe 14 Machi

Mkakati umekamilika. Mama Keki anataka ya kienyeji tu, kiini cha manjano iliyokolea, ya dukani anayajua hata amefumba macho. Mwenye kuku wa kienyeji wengi mtaani, ukiniondoa mimi, ni Fundi. Na Fundi huweka trei ya mayai dirishani kwenye chumba chake cha kushonea, mwaka mzima, kama bendera. Kesho mapema Baba Watoto atakwenda kununua ile trei kama mnunuzi wa kawaida. Mimi nitaipeleka kwa Mama Keki kama mimi. Mayai ya Fundi yatamfikia mteja wake wa zamani na sifa zitakuja kwangu. Nimejipongeza kwa chai.

Trei yenye H nimempa wifi akaitupe mbali, asiulize. Akauliza. Nikamwambia mambo mengine ni ya ofisini. Akayaangalia kwa masikitiko, maana huyu ni mtu anayeunganisha vipande vya sabuni vilivyokwisha. Lakini akayachukua, akaenda, akarudi na trei tupu. Safi.


Jumamosi, tarehe 15 Machi

Sijui nianzie wapi.

Saa mbili Baba Watoto amerudi kutoka kwa Fundi na trei imefunikwa kwa gazeti. Akasema Fundi alisitasita, kisha akatabasamu, akampa, akasema nisalimiwe sana. Nikafunua.

H. H. H. H. Yote thelathini!

Nikamuuliza Baba Watoto kama hakuziona hizo herufi. Akasema aliziona, akadhani ni mtindo wa Fundi. Nikamwita wifi. Wifi akaapa kwamba hakutupa chochote. Angewezaje kutupa chakula kizuri namna ile? Aliyapeleka kwa jirani mwenye cherehani, ambaye dirisha lake lilikuwa tupu. Fundi akayapokea kama mtu aliyeokolewa, na kama shukrani akampindia wifi sketi mbili bure.

Nikabeba trei mpaka kwenye mabati, nikapiga kelele. Kichwa kikachomoza.

"Umemuuzia mume wangu mayai yangu mwenyewe!"

"Kwani ni yako? Wifi yako ndiye aliyeniletea! Amesema yamewazidi!"

"Hayajatuzidi! Ni ya kutupwa hayo! Huoni H?"

"Nimeiona. Nikajua ni Halisi."

"Ni Hapana!"

"Hapana nini? Yana nini mayai yako?"

Hapo nikaikumbatia trei. Kisha nikaona mlango wa kushambulia. Nikamuuliza, na ya kwako yako wapi? Mwenye kuku ishirini anapokeaje mayai ya jirani kwenye dirisha lake?

Naye akavuta kanga yake mabegani. Tukatazamana juu ya mabati. Nyuma yake nikaona maranda mapya, rundo zima, meupe, yananukia mbao. Na bomba la sindano lisilo na ncha linaning'inia kwenye kamba ya nguo.

"Minyoo," akasema taratibu.

"Tangu lini?"

"Nimewaona Jumatatu ya wiki iliyopita. Yule mpwa wako, ambaye kwangu pia ni mpwa, amenitibia kuku wangu Jumatano yake."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni yeye. Kile kicheko cha kuzuia, kikatoka puani. Mimi nikajaribu kukaza uso, nikashindwa, nikalazimika kuweka trei chini. Tulicheka mpaka Mkurugenzi akaanza kuwika. Fundi akasema zile mbegu za biringanya hakuwa na la kufanya nazo, amezipanda kwenye ndoo. Nikamwambia nina misumari nusu kilo.

Kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga, akasema kitu ambacho sikukitarajia. Kwamba kwa hofu tu alitaka dirisha lisionekane tupu, hakukusudia kuuza. Lakini Baba Watoto alipofika mlangoni hakuweza kumkatalia. "Miaka miwili nyumba yenu haijaja kununua hata kitufe. Nilidhani ni salamu. Nilifurahi, jirani."

Nikasema gauni lile bado ninalo, labda siku moja anaweza kulitanua kidogo pembeni. Akasema nilete tu, alibakiza kitambaa cha kutosha kwenye mshono, siku zote alijua.

Saa tatu na nusu tukaenda kwa Mama Keki wote wawili, mikono mitupu. Tukamweleza kila kitu, nikianza mimi akimalizia Fundi. Mama Keki, unga mpaka kwenye nyusi, alitusema dakika kumi bila kuvuta pumzi. Harusi kesho! Watu wazima! Kisha akasema amekwisha kupata mayai kwa shangazi yake tangu jana, kwa sababu biashara hii imemfundisha kutomwamini mtu. Tukaomba radhi, tukageuka kuondoka.

Akatuita. Akaangalia huku na huku. Akauliza kwa sauti ya chini, kile kilemba cha kuku kinatakiwa kiwe chekundu kiasi gani.

Ana mitetea mitatu nyuma ya jiko. Wote wamepauka. Mimi na Fundi tukainama, tukapapasa vifua, tukatikisa vichwa kwa pamoja kama madaktari bingwa. Tumempa namba ya Daktari. Fundi akamwambia anaweza kusema ni mpwa.


Ijumaa, tarehe 21 Machi

Dawa ya pili. Safari hii kama Daktari alivyotaka: kuku wetu, kuku wa Fundi na wale watatu wa Mama Keki, siku moja, saa moja. Daktari amekuja na koti jeupe, pikipiki ikanguruma mpaka mlangoni, watu wakachungulia. Nikawapungia mkono.

Tumefanya kazi pamoja tangu asubuhi. Fundi anakamata kuku vizuri kuliko mimi, sharti nikiri, mikono yake imezoea vitu vinavyoteleza. Mimi ndiye mwenye orodha. Tulipima tena uzito. Meneja ameongeza! Daktari akanionyesha kwenye karatasi, akasema wiki mbili zilizopita hakutegemea kuku huyu apone, hakutaka tu kuniambia. Nikamshika Meneja kifuani nikajifanya nimeingiwa na vumbi la maranda machoni.

Namba yangu mimi Daktari hakuisoma kwa sauti. Amejifunza.

Tundu la uzio tumeliziba rasmi, kwa mabati na ile misumari yangu. Imetosha kabisa. Mimi na Fundi tulikubaliana kwamba hatutachunguza kuku wa nani walikuwa wanapita. Mchana tukakaa kwenye kizingiti chake tukinywa chai, gauni langu likiwa kwenye cherehani. Amelitanua. Nimekaa nalo. Mara mbili.


Jumanne, tarehe 8 Aprili

Mambo mazuri mno. Mayai yanaliwa tangu wiki iliyopita, Mama Keki anachukua kwetu sote wawili, vilemba vinawaka kama taa za breki. Daktari alipopita Jumapili akasema banda langu na la Fundi ni mfano mtaani. Mfano! Maneno yake hayo.

Na leo asubuhi, nikimpapasa Meneja shingoni, nimeona kitu kinatembea. Kidogo, chekundu. Nikasema ni vumbi. Vumbi likapanda mkononi.

Utitiri.

Nimetulia kabisa. Mimi wa leo si mimi wa mwezi uliopita. Mwezi uliopita sikuwa na mpango. Leo ninao. Daktari akijua, ule mfano umekwisha. Fundi akijua atanihurumia, na huruma yake siiwezi. Kwa hiyo nimetangaza safari. Naenda kumwona mama mdogo, nimesema, siku mbili. Saa tatu nimetoka na begi, kofia na mwavuli, nikamuaga wifi kwa sauti kubwa ili asikike mpaka barabarani.

Bahati ilioje, Fundi naye leo anasafiri! Nilimkuta mlangoni kwake na begi. Mjomba wake hajisikii vizuri. Tukasindikizana mpaka kona, tukakumbatiana, yeye akapinda kushoto, mimi kulia. Nikazunguka nyuma ya nyumba kwa njia ya taka, nikaingia bandani. Hapa ndipo ninapoandikia, nimekalia begi, mlango nimeufunga kwa ndani. Nina jivu, brashi, dawa ya unga niliyonunua duka la mbali zaidi, na siku mbili nzima. Anayejua ni Baba Watoto peke yake. Ameniletea chai kwenye chombo cha kulishia kuku, akaondoka zake. Ni mtu mwema.

Kazi inakwenda vizuri. Mhasibu na Katibu tayari. Meneja amenikalia gotini, mzito, anachelewesha shughuli.

Jambo moja tu linanisikitisha. Upande wa pili wa mabati, ndani ya banda la Fundi, tangu saa nne kuna kuku anapiga chafya. Chafya nzito, mfululizo, kama za mtu mzima. Kisha nasikia kitu kama brashi. Maskini, kuku wake ameshikwa na mafua, na mwenyewe yuko safarini hana habari. Atakaporudi nitamwambia kwa upole amwite Daktari mapema, mchana kweupe. Ugonjwa wa kuku si jambo la kuonea aibu.